Cooke wa York: maswali yanayojirudia kuhusu familia ya mafundi darubini na majengo yao

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila stori ya Cooke ikianza. Anayetaka majengo tu aruke mpaka sehemu ya pili, anayetaka kujua hela zilipotelea wapi aende ya nne.

## 1. Ya mwanzo kabisa

Hivi Cooke tunayemzungumzia ni nani?

Ni Thomas Cooke, fundi darubini wa mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa 8 Machi 1807 kijiji cha Allerthorpe, East Riding ya Yorkshire, baba yake alikuwa fundi viatu. Yeye na wanae ndo walianzisha T. Cooke & Sons, kampuni iliyotengeneza darubini, vifaa vya kupimia ardhi na saa kubwa za kwenye minara, na mwaka 1868 wakati mzee anafariki karakana yake ilikuwa na oda ya darubini kubwa kuliko darubini yoyote ya lenzi duniani.

Alisomea wapi ufundi?

Hakusomea popote. Shule alikaa kama miaka 2 tu alafu akarudi kushona viatu na baba yake. Alitaka kuwa baharia, akaanza kujifunza mwenyewe hesabu na mambo ya kuongoza meli, mama yake akamsihi asiende, akakubali, lakini zile hesabu zikabaki kichwani. Akiwa na miaka 17 hivi akafungua kashule kijijini, mchana anafundisha, usiku anasoma ili kesho awe na cha kufundisha. Baadaye akahamia York kuendelea na ualimu, na muda wa ziada ukaenda kwenye lenzi.

Ni kweli darubini yake ya kwanza aliitengeneza kwa glasi ya kunywea?

Ndivyo inavyosimuliwa, kwamba alichukua kitako cha glasi nene ya pombe akakisugua mpaka kikawa lenzi, mrija ukawa wa bati. Darubini hiyo aliinunua John Phillips, mwanajiolojia aliyekuwa akitunza makumbusho ya Yorkshire pale York. Stori inaingia akilini kwa sababu enzi hizo kioo kizuri Uingereza kilikuwa shida kweli, serikali ilikuwa inakitoza kodi mpaka 1845, mafundi wakawa hawawezi kufanya majaribio kiholela maana kila tanuru ni hela. Wakati huo huo kule Munich mjerumani Fraunhofer na waliomfuata walikuwa wameshika soko la darubini nzuri za Ulaya. Kwa hiyo mwalimu wa shule anayesugua kitako cha glasi hakuwa anafanya vituko, alikuwa anatumia kioo alichokuwa na uwezo wa kukipata.

Mtaji wa kuanza duka aliutoa wapi?

Kwa mjomba wa mke wake Hannah. Alikopeshwa pauni 100, na mwaka 1837 akafungua duka. Hannah mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wake kijijini. Familia hii imeanza kwa mkopo wa ndugu na miaka 40 baadaye ikaponea kwa hela ya mtu baki, soma sehemu ya 4.

## 2. Majengo

Duka la kwanza lilikuwa wapi?

Namba 50 Stonegate, mtaa mwembamba wa katikati ya York unaoelekea kanisa kuu la Minster. Kilikuwa kiduka cha kawaida, miwani, darubini ndogo, marekebisho. Mtu wa leo akipita Stonegate ataona watalii na maduka ya zawadi, haimwii rahisi kuamini kwamba hapo ndipo lenzi zilikuwa zinasuguliwa kwa mkono.

Mbona wengine wanasema Coney Street?

Kwa sababu baadaye alihamia huko, namba 12, katikati ya miaka ya 1840. Coney Street ndo ulikuwa mtaa wa biashara wenyewe, wateja wenye hela wanapita. Hapo ndipo zilipoanza kuja oda za darubini za maana, yani zile za kufungwa kwenye mhimili na kufuata nyota kwa mtambo wa saa. Mojawapo ilikuwa ya Hugh Pattinson, mwenye viwanda wa pande za Newcastle, lenzi yake ilikuwa na upana wa zaidi ya inchi 7. Hiyo darubini ina safari yake, nimeieleza sehemu ya 3.

Buckingham Works ni nini na kwa nini ina jina la kifalme?

Ndo kiwanda chenyewe, kilichojengwa 1855 eneo la Bishophill, ng'ambo ya pili ya mto Ouse. Jina limetoka kwenye kiwanja, hapo zamani palikuwa na jumba la Duke wa Buckingham, yule George Villiers wa pili aliyemuoa binti wa jenerali Fairfax mwaka 1657 na kupata jumba kupitia huo ukoo. Jumba lilishaondoka zamani, jina likabaki, Cooke akalichukua.

Mimi naona hiki ndo kitu kikubwa zaidi alichokifanya Cooke, kuliko hata darubini yoyote. Kabla ya hapo mafundi wengi wa darubini Uingereza walikuwa na duka mbele na karakana nyuma, shaba inanunuliwa huku, kuyeyusha vyuma wanapeleka kwingine, lenzi kwa mtu mwingine kabisa. Cooke akajenga sehemu moja kwa ajili ya kazi hiyo tu, vyuma vinayeyushwa humo, vinachongwa kwa mashine za mvuke, lenzi zinasuguliwa humo, kitu kinaingia kikiwa malighafi kinatoka kimefungwa kwenye kasha. Mwaka huo huo wa 1855 kwenye maonyesho makubwa ya Paris akapata medali ya daraja la kwanza.

Baada ya hapo walihamia wapi?

Haxby Road, nje kidogo ya katikati ya mji, mwishoni mwa miaka ya 1930, Vita ya Pili inanukia. Wakati huo kampuni ilishakuwa mikononi mwa Vickers, kampuni ya silaha na meli (tazama sehemu ya 4). Kiwanda kilikuwa jirani na kile cha chokoleti cha Rowntree, na vita ilipopamba moto sehemu ya majengo ya Rowntree ikatumika kutengenezea vifaa vya lenzi vya jeshi. Wafanyakazi wakawa maelfu, wanawake wengi. Kutoka kiduka cha Stonegate mpaka hapo ni kama miaka 100.

Kuna sehemu York leo naweza kuona kazi ya Cooke?

Ipo, nenda bustani za makumbusho, Museum Gardens. Kuna jengo dogo la kuangalizia nyota lililojengwa miaka ya 1832 na 1833, ndani yake kuna darubini ya inchi 4 aliyoitengeneza Cooke mwaka 1850. Na kuna saa ya 1811 inayoonyesha saa ya York yenyewe, ambayo iko nyuma ya saa ya Greenwich, London, kwa dakika 4 na sekunde 20, maana zamani kila mji ulikuwa na saa yake kufuata jua, mpaka reli zilipoleta fujo ikabidi wote wakubaliane. Usirekebishe simu yako kwa hiyo saa.

## 3. Darubini zenyewe

Lenzi ya darubini ilikuwa inatengenezwaje, si ni kusugua tu?

Kusugua ndo mwanzo. Darubini nzuri ya lenzi haina kioo kimoja mbele, ina viwili vilivyobebana, kimoja cha kioo cha krauni na kingine cha flinti, kizito zaidi. Lenzi moja peke yake inatawanya rangi, nyota unaiona na ukingo wa zambarau, sasa ukiweka vile viwili vyenye tabia tofauti kimoja kinafuta kosa la mwenzie kwa kiasi kikubwa.

Kazi inaanza na sahani ya kioo isiyo na mishipa wala mapovu, na hapo ndo wengi walikwama. Mambo yalibadilika 1848, mfaransa Georges Bontemps alipokimbia mapinduzi Paris akaenda kwa Chance Brothers karibu na Birmingham na ujuzi wa kukoroga kioo kikiwa kimeyeyuka ili kiwe sawa ndani nje. Ukishapata sahani unaisugua kwa unga mkali, unabadilisha unga kuwa laini zaidi, alafu unang'arisha. Baada ya hapo ndo kazi inayotenganisha mafundi: unaangalia nyota, au nyota ya kutengeneza, unatafuta wapi kioo kimezidi kidogo, unarudi kung'arisha pale pale, unasubiri kipoe maana joto la mkono tu linakivuruga, unaangalia tena. Miezi inakatika, na hakuna mashine ya kukuambia sasa basi.

Ni kweli darubini ya Cooke ilipelekwa juu ya mlima?

Kweli. Mwaka 1856 Charles Piazzi Smyth, mtaalamu mkuu wa nyota wa Scotland, alikwenda kisiwa cha Tenerife kuangalia kama ukipanda juu ya mawingu nyota zinaonekana vizuri zaidi. Pattinson akamwazima ile darubini yake ya Cooke. Waliisafirisha kwa jahazi la kifahari aliloazimwa na injinia Robert Stephenson, wakaipandisha kwa nyumbu mpaka Alta Vista, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Jibu likawa ndio, juu ni kusafi, na leo vituo vikubwa vya nyota viko milimani karibu vyote.

Darubini ya Newall ndo ipi, na kwa nini inatajwa kila mara?

Robert Stirling Newall alikuwa tajiri wa Gateshead, hela yake ilitoka kwenye kamba za waya na nyaya za telegrafu za baharini. Mwaka 1862 kwenye maonyesho ya London akaona sahani mbili kubwa za kioo za Chance Brothers, akazinunua, akampelekea Cooke amtengenezee darubini ya inchi 25. Kubwa iliyokuwepo wakati huo ilikuwa ya inchi 18 na nusu, kazi ya akina Alvan Clark wa Marekani, nao familia vile vile, baba na wana wawili. Cooke akakubali, makadirio yakawa mwaka mmoja hivi.

Ikachukua kama 7. Mrija peke yake karibu mita 10. Mzee Cooke alifariki 19 Oktoba 1868 kazi haijaisha, wanae wakaimalizia, ikasimikwa nyumbani kwa Newall Gateshead mwanzoni mwa miaka ya 1870. Ikawa darubini kubwa ya lenzi kuliko zote mpaka 1873 akina Clark walipokamilisha ya inchi 26 kule Washington, ile ambayo Asaph Hall aliitumia 1877 kugundua miezi miwili ya sayari ya Mars.

Na hapa ndo panaponiuma. Miaka 15 nyuma darubini ndogo ya Cooke huyo huyo ilishathibitisha kwamba kifaa kinataka anga safi juu ya mlima, alafu kubwa kuliko zote ikaenda kuwekwa Gateshead, mji wa viwanda, moshi wa makaa ya mawe na mawingu ya mto Tyne. Newall alitaka kuipeleka sehemu yenye hali nzuri zaidi, haikuwa. Usiku mzuri ulikuwa wa kuhesabu.

Saivi iko wapi?

Ugiriki. Mwaka 1889 Newall aliitoa kwa chuo kikuu cha Cambridge, mwanae Hugh Frank Newall akafanya nayo kazi huko kwa miaka mingi. Miaka ya 1950 Cambridge hawakuihitaji tena, ikapelekwa kituo cha nyota cha Penteli nje ya Athens, na bado ipo, wageni wanaingia kuangalia. Kwa hiyo ilipata anga yake mwishowe, ikiwa na umri wa miaka 90 hivi.

Nyingine ziko wapi?

Zimetapakaa. Dundee kule Scotland, Mills Observatory wana ya inchi 10 ya mwaka 1871. Wellington, New Zealand, Carter Observatory wana ya 1867 iliyotengenezwa kwanza kwa mwenye viwanda wa Halifax. Rio de Janeiro wana yao pia.

Inayonivutia zaidi ni ya Christchurch, New Zealand, ya inchi 6, ya mwaka 1864. Tetemeko la 22 Februari 2011 liliangusha mnara ilimokuwa, vyuma vikapindika, lakini lenzi ikakutwa nzima kwenye kifusi! Wakaikarabati kwa kutumia lenzi ile ile.

## 4. Hela na familia

Hiyo darubini kubwa si iliwatajirisha?

Kinyume chake. Karibu iwazike. Bei ilishakubaliwa mwanzoni, muda ukarefuka, mafundi bora wamefungwa kwenye kazi moja kwa miaka, oda nyingine zinasubiri. Mzee amefariki, wanae Charles Frederick na Thomas wamerithi jina kubwa na madeni. Aliyewaokoa baadaye ni James Wigglesworth, mpenda nyota mwenye uwezo wa Scarborough, aliyeingia kwenye biashara kama mbia. Naye walimtengenezea darubini yake, ya inchi 15 na nusu.

Msimamo wangu: darubini kubwa zilileta sifa, mkate wa kila siku uliletwa na vitu vya kawaida, thiodolaiti za masoroveya (vifaa vya kupimia pembe), levo za kupimia usawa wa ardhi, saa za minara ya makanisa, darubini za inchi 3 na 4 za watu binafsi. Ukisoma historia fupi fupi utakuta kurasa zote ni Newall, Newall, na saa za minara mstari mmoja. Nadhani wamegeuza.

Familia ilitoka lini kwenye kampuni?

Haikuwa siku moja. 1897 ikawa kampuni ya hisa, T. Cooke & Sons Ltd. Charles Frederick alifariki 1898. Kufikia hapo anayetajwa zaidi kwenye upande wa lenzi sio Cooke tena, ni fundi wao wa lenzi Harold Dennis Taylor. Mwaka 1915, katikati ya vita, Vickers, wale wa silaha na meli, wakachukua hisa za kuitawala kampuni. Sababu inaeleweka, manowari inahitaji kupima umbali wa adui, na kabla ya hapo Cooke walishatengeneza mtambo wa Arthur Pollen wa kukokotoa shabaha za mizinga ya meli, unaitwa Argo Clock. Kiwanda cha kuangalia mbinguni kikawa cha kuangalia adui.

Troughton & Simms wameingiaje?

Hii ilikuwa kampuni nyingine ya vifaa vya vipimo. Walinunuliwa 1922, kiwanda chao cha Charlton London kikafungwa, kazi ikahamia York, jina likawa Cooke, Troughton & Simms. Hawa walikuwa wakongwe kuliko Cooke, asili yao karne ya 18. Edward Troughton alikuwa haoni rangi vizuri, kwa hiyo lenzi zisizotawanya rangi hazikuwa fani yake, akajikita kwenye kugawa duara kwa vipimo, yani kuchora alama za digrii kwenye vifaa, na hapo hakuwa na mpinzani. Kampuni yake ilitengeneza lenzi na sehemu za vipimo za ile darubini ya mtaalamu wa nyota Airy pale Greenwich, iliyofafanua mstari wa longitudo 0 uliokubaliwa kimataifa 1884. Sisi wa Afrika Mashariki tunaposema GMT+3, hesabu hiyo ilianzia kwenye kifaa hicho.

Mwisho wake ulikuwaje?

Baada ya vita wakaegemea hadubini na vifaa vya upimaji. Thiodolaiti yao ya Tavistock, iliyopewa jina la mji wa Devon walipokutana watumiaji na mafundi 1926 kusema wanataka nini, ilienea kwenye idara za upimaji za dola la mwingereza. Miaka ya 1960 jina likabadilika kuwa Vickers Instruments, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ikauzwa.

## 5. Majina yanayochanganya watu

Lenzi za sinema za Cooke ndo hawa hawa?

Jina ndiyo, kampuni hapana. Mwaka 1893 Dennis Taylor, akiwa York, alibuni lenzi ya kamera yenye vioo vitatu tu iliyotoa picha kali mpaka pembeni, ikaitwa Cooke triplet kwa heshima ya mwajiri wake. York hawakutaka kuingia biashara ya kamera, kibali kikaenda kwa Taylor, Taylor & Hobson wa Leicester, wakauza lenzi kwa jina la Cooke. Tawi hilo la Leicester ndo leo ni Cooke Optics, waliopewa Oscar ya heshima 2013 kwa mchango wa lenzi zao. Vioo vitatu vile ndo babu wa lenzi nyingi za bei rahisi zilizokuja baadaye.

Dennis Taylor huyu huyu aliona kitu kingine, lenzi za zamani zilizochujuka juu zinapitisha mwanga zaidi kuliko mpya. Kila mtu alikuwa anaona ule ukungu ni uchakavu, yeye akaanza kutafuta namna ya kuuleta makusudi. Ule mng'ao wa rangi unaouona juu ya lenzi ya kamera yako ni mtoto wa wazo hilo.

Thomas Cooke ana undugu na yule baharia Captain Cook?

Hapana. Alimhusudu tu, ndo maana alitaka ubaharia.

## 6. Ya pembeni

Nimesikia Cooke alitengeneza gari, ni kweli?

Kweli tena, gari la mvuke, mwaka 1866 hivi. Lilibeba watu 15 kwa mwendo wa kama kilomita 24 kwa saa. Tatizo sheria ya 1865: gari la mashine mwisho kilomita 6 na kitu kwa saa nje ya mji, na mtu lazima atangulie mbele kwa miguu na bendera nyekundu. Gari likakosa maana, injini akaihamishia kwenye boti akawa anatembea nayo mtoni Ouse. Mtoni hakukuwa na bendera.

Nina kifaa kimeandikwa "Cooke", ni cha lini?

Anza na maandishi. "T. Cooke & Sons" bila Ltd kwa kawaida ni kabla ya 1897. Ikiwa na Ltd ni kati ya hapo na miaka ya mwanzo ya 1920. "Cooke, Troughton & Simms" ni baada ya 1922 mpaka miaka ya 1960, hizi ndo nyingi zaidi, hasa hadubini na thiodolaiti. "Vickers Instruments" ni za baada ya hapo. Kikiwa kimeandikwa Cooke na Leicester hiyo ni lenzi ya kamera, rudi sehemu ya 5.

Niking'arishe kwanza ndo nikiuze?

Usikiguse na Brasso. Shaba za Cooke zilipakwa vanishi ya lakeri, ukisugua unaitoa na thamani inaondoka nayo. Lenzi ya mbele usiifungue pia, vile vioo viwili viliwekwa kwa mpangilio wake na kugeuzwa kidogo tu kunaharibu picha. Vumbi kidogo halizuii kuona.

Kumbukumbu za kampuni ziko wapi kama nataka kufuatilia namba ya kifaa changu?

Zimehifadhiwa Borthwick Institute, chuo kikuu cha York, chini ya jina la Vickers Instruments, sio Cooke. Ukitafuta kwa jina la Cooke peke yake unaweza kukata tamaa mapema. Waandikie ukiwa na picha ya maandishi yote ya kwenye kifaa pamoja na namba, maana "ni ya shaba na ina mguu" haiwasaidii.